Vitabu Saba vya Bibi

Mwezi uliopita nilishuka kituo cha Hallunda, pembezoni mwa Stockholm, kumpelekea mama yangu dawa zake, nikapitia kwenye maduka kumnunulia na mkate. Mbele ya duka la mboga nikasikia naitwa kwa jina langu la utotoni, lile la nyumbani, ambalo siku hizi analitumia mama peke yake. Aliyeniita alikuwa mwanamke wa rika langu, anasukuma kigari cha mtoto, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi. Tulikuwa naye darasa moja la watoto kanisani tulipokuwa na miaka kumi. Tukakumbatiana, tukaulizana habari, Kiswahili chetu kikikatika katikati na kuangukia kwenye Kiswidi. Kisha akacheka.

"Hivi, bibi yako si ndiye yule aliyekuwa na Biblia ya uongo?"

Nilimwambia treni yangu imefika. Haikuwa imefika. Nilikwenda kusimama jukwaani dakika kumi na mbili nzima nikiangalia reli, mkate nimeubana kwapani, na nilikuwa nimesahau hata kumpelekea mama dawa. Ilibidi nirudi. Tangu siku hiyo sijatulia. Kwa hiyo kaa hapa ndugu yangu nikueleze bibi yangu alikuwa na Biblia gani, kwa sababu inaelekea nisipoeleza mimi hakuna atakayeeleza.

Bibi alitufikia Stockholm nilipokuwa na miaka saba. Makaratasi yake yalichukua muda mrefu hata mama alikuwa ameacha kuyataja. Alikuja na vitenge viwili, kopo la dagaa wa Kigoma lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, na Biblia. Alizaliwa Burundi, lakini alikimbia akaishi Kigoma miaka mingi kuliko aliyoishi kwao, na ni mapadri wa misheni ya huko waliompa kitabu hicho siku alipomaliza darasa la kusoma la watu wazima. Kirundi alikuwa nacho cha kulilia. Kiswahili kilikuwa cha kusomea.

Nyumba yetu ilikuwa ghorofa ya tano, na nikisema nyumba namaanisha vyumba viwili na jiko lenye dirisha la kutazama maegesho ya magari. Bibi aliliteka jiko lile ndani ya wiki moja. Maharage yalianza kunuka mawese. Mchicha hakuupata, akanunua spinachi iliyogandishwa, akailaani ikiwa bado kwenye pakiti, kisha akaipika na karanga mpaka ikasalimu amri. Maziwa mala ya Waswidi aliyasifu kuliko kitu kingine chochote cha nchi hii. "Hawa watu wanajua ng'ombe," alisema. Dagaa aliwakaanga Jumamosi, dirisha wazi hata kama nje kuna theluji.

Lakini mahali pake hasa palikuwa chini, kwenye chumba cha kufulia cha jengo zima, ambacho hata sisi tuliokuwa tukisema Kiswahili tulikiita *tvättstuga*. Zamu yetu ilikuwa Jumanne, baada ya shule. Kulikuwa na mashine mbili, kabati la kukaushia lenye joto la jikoni, na ukuta uliojaa vikaratasi vya majirani wenye hasira. Bibi hakujua Kiswidi, akawa ananiuliza kila kikaratasi kinasema nini. Kilichosema *ondoeni nyuzi zenu kwenye kikaushio, hamko peke yenu hapa* nilimtafsiria kwamba majirani wanatukaribisha. Akaniambia niandike chini yake asante. Nikaandika.

Nguo zikishaanza kuzunguka, bibi alikaa kwenye benchi, akatoa miwani, akafungua Biblia mapajani. Sura moja kwa kila mzunguko wa mashine. Nami nilikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa kikaushio, nikipata joto na hadithi kwa pamoja. Alisoma polepole, kidole kikiwa kwenye mstari, na kila alipomaliza sentensi ngumu aliguna kuonyesha ameridhika.

Kitabu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa Tobiti. Kama hukijui sishangai; wengi hawakijui, na nitakueleza sababu. Tobiti alikuwa mtu aliyehamishwa kwao akaishi katika mji wa wageni. Huko mfalme aliua watu wa kabila lake, maiti zikatupwa nje ya ukuta, na ikakatazwa kuzika. Tobiti alizika. Siku moja ameandaliwa chakula kizuri cha sikukuu, akasikia kuna maiti sokoni. Akaacha chakula mezani, akaenda, akaificha mpaka jua likazama, akachimba. Majirani walimcheka. Baadaye akapofuka, na mwanawe akasafiri safari ndefu na mwenzi asiyemjua, wakifuatwa na mbwa. Nilimpenda yule mbwa. Katika hadithi zote za kanisani sikuwahi kusikia mbwa anayekwenda tu na watu wake barabarani.

Pembeni mwa kurasa zile palikuwa na maandishi ya penseli, madogo, yamefifia. Niliuliza ni nini. Bibi akasema, "Ni watu." Mashine ikaanza kukamua, kelele ikawa kubwa, sikuuliza tena.

Jumapili tulisali katika ukumbi ulio chini ya kanisa la Kilutheri la Waswidi. Wao walimaliza saa tano asubuhi, wakanywa kahawa yao, wakaondoka. Sisi tuliingia saa nane mchana na kukuta harufu ya kahawa bado imetanda. Tulikuwa Warundi, Wanyarwanda, Wakongo, familia chache za Kitanzania, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, kila mtu na cha kwao. Bibi alikuwa Mkatoliki tangu tumboni, lakini misa ya Kikatoliki ya karibu ilikuwa kwa Kiswidi, na kwetu mama alikuwa mwanakwaya. "Mungu ni yule yule," bibi alisema. "Nitakwenda ninakomsikia."

Mchungaji wetu siku za kazi aliendesha basi la mjini. Kabla ya vita alikuwa amesoma chuo cha Biblia miaka mitatu, na alijua mambo mengi ambayo hakuyasema. Mwalimu wa watoto alikuwa mama wa Kikongo mwenye sauti nzito na mikono laini, aliyetuita sote *wapenzi*. Na kulikuwa na mzee wa kanisa. Sitaki kumfanya shetani. Alikuwa mtu wa miaka kama hamsini, msafishaji wa treni, aliyejifundisha kusoma mwenyewe kambini kwa Biblia ile ile aliyoibeba kila mahali. Ufunguo wa ukumbi ulikuwa kwake. Kiti kikivunjika alikitengeneza. Mtu akifika mgeni na watoto, mzee ndiye aliyewatafutia magodoro. Haya yote ni kweli, na aliyoyafanya ni kweli pia.

Mwaka niliotimiza miaka kumi tuliandaliwa mashindano ya Biblia dhidi ya watoto wa kanisa la Hagsätra. Mwalimu alitufundisha vitabu sitini na sita kwa wimbo, tukauimba mpaka kwenye treni. Mimi nilichaguliwa kutaja Agano la Kale. Niliujua wimbo huo vizuri. Ila nilijua pia kwamba katika Biblia ya bibi kuna vitabu ambavyo wimbo haukuvitaja, na kwa akili yangu ya utoto nilidhani vimeachwa kwa sababu havikukaa vizuri kwenye tuni. Nikaona siku ya mashindano nitawaongezea maksi wenzangu kwa kuvitaja vyote. Nilitaka pia bibi afurahi.

Ukumbi ulijaa, watu wamesimama mpaka kwenye ngazi. Nikasimama mbele na soksi zangu nyeupe.

"Mwanzo, Kutoka, Walawi," nikaanza, na nikaenda vizuri. "Ezra, Nehemia, Tobiti, Yudithi..."

Mtoto mmoja wa Hagsätra akacheka. Kisha wakacheka wengi, hata wakubwa. Mzee wa kanisa akainuka kwenye kiti cha majaji.

"Baada ya Nehemia umesema nani?"

"Tobiti."

"Tobiti ndiye nani?"

"Aliyezika watu."

Kicheko kikarudi. Mzee hakucheka. "Nani amekufundisha hayo?"

Nikanyoosha kidole kumwonyesha bibi yangu, aliyekuwa mstari wa tatu, ananitabasamia. Kidole kile sijakisamehe mpaka leo.

"Mama," mzee akamwambia, "tuletee hicho kitabu."

Bibi alikuja mbele, akakitoa kwenye kitambaa alichokifungia, akampa kwa mikono miwili. Mzee akafungua ukurasa wa yaliyomo, akahesabu kwa kidole, kwa sauti, kitabu kwa kitabu, mpaka akafika sabini na tatu. "Sabini na tatu!" akasema, akiwageukia watu. "Biblia ya Mungu ina sitini na sita. Hivi saba vimeongezwa na watu." Akafungua mwisho wa Ufunuo kwenye Biblia yake, akasoma onyo lile kwa mtu atakayeongeza neno na atakayepunguza. Watu wakasema amina. Kisha akamwambia bibi kwa upole, na upole wake ndio unaoniuma zaidi, "Mama, niachie hiki kitabu wiki hii. Nitakirekebisha."

Bibi aliitazama ile Biblia yake, jalada limelegea, uti wake umeachana. "Asante mwanangu," akasema. "Kweli kimechoka."

Alidhani anazungumzia jalada.

Mchungaji alikuwa ameketi hatua mbili kutoka pale. Nilimwona. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Jumapili iliyofuata mzee alimrudishia bibi Biblia katika mfuko safi wa plastiki. Jalada alikuwa amelirekebisha kweli, tena vizuri, kwa gundi na kitambaa cheusi. Bibi alimbariki mbele ya watu. Jumanne tukashuka kufua. Akavaa miwani, akafungua pale tulipoishia, akakuta Nehemia, kisha Esta. Akarudi nyuma. Akaenda mbele. Akapitisha kidole katikati ya kitabu, ndani kabisa, akagusa kingo za kurasa zilizokatwa kwa wembe, zimenyooka, zimebaki upana wa ukucha.

Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa kitenge, akaivaa tena, akaangalia mahali pale pale. Akatafuta Hekima: haipo. Yoshua bin Sira: hayupo. Baruku, Wamakabayo: hakuna. Mashine ilimaliza, ikalia, hakuna aliyekwenda kuifungua. Niliogopa. Nilimwuliza kama anaumwa, akanitikisia kichwa. Aliendelea kufunua mpaka mwisho wa Danieli, na hapo akasimama, akasoma kidogo, na ghafla akatoa kicheko kifupi cha puani.

"Amemsahau Susana," akasema.

Nikueleze. Katika Biblia za Wakatoliki, mbali na vile vitabu saba, zipo pia sehemu zilizomo ndani ya kitabu cha Esta na cha Danieli ambazo Waprotestanti wengi hawana. Mwishoni mwa Danieli kuna habari ya Susana, mke mwema aliyesingiziwa uzinzi na wazee wawili wenye heshima kwa sababu aliwakataa. Mzee wetu wa kanisa hakujua. Alikata vitabu ambavyo majina yao hayakuwa kwenye orodha yake, akaacha kilichokuwa ndani ya kitabu chenye jina analolijua. Mtu aliyechukua wembe kutenganisha neno la Mungu na la wanadamu hakujua hata mpaka uko wapi.

Jumapili ya tatu, ulipofika wakati wa ushuhuda, bibi aliinuka. Mama alimshika kitenge. Bibi akakitoa mkononi mwake taratibu.

"Nina habari ya mwanamke mmoja," akasema, na akaisimulia yote, kwa sauti ile ile ya chumba cha kufulia. Susana bustanini, wazee wawili wakimvizia, uongo wao mbele ya watu, umati ukawaamini kwa kuwa ni wazee. Na Danieli, kijana mdogo, akawatenga na kumwuliza kila mmoja peke yake alimwona chini ya mti gani, na kila mmoja akataja mti wake. Ukumbi ulikuwa umewaka. Wamama walipiga vigelegele. Mzee wa kanisa mwenyewe alisema amina, kwa nguvu, mara mbili.

"Mwanangu, umesema amina," bibi akamgeukia. "Habari hii ni ya kweli?"

"Ni ya Danieli, mama. Ni neno la Mungu."

"Fungua kwako uwasomee."

Mzee akafungua. Akafunua, akafunua tena, akafika Hosea, akarudi. Danieli yake iliishia sura ya kumi na mbili. Tukasikia bomba la maji la Waswidi ukutani.

"Hiyo pia ni katika zile za kukata," bibi akasema. "Ulinisahaulia. Sasa nakuuliza, zile ulizokata umeziweka wapi?"

"Mama, niliona ni..."

"Ziko wapi?"

"Nilizitia kwenye pipa la karatasi," mzee akasema. "Limekwishachukuliwa."

Bibi alishika mgongo wa kiti cha mbele yake. Kisha akawaambia watu jambo ambalo hata mama alikuwa hajawahi kulisikia. Kwamba vita ilipopita kwao Burundi, waliokufa waliachwa barabarani na mashambani, na wenye bunduki walipiga marufuku kuwagusa. Kwamba yeye, na jembe la mpini mfupi, alizika watu kumi na wanne. Baadhi walikuwa majirani. Wengine hakuwajua, aliwapekua mfukoni akakuta vitambulisho, mtoto wa jirani akamsomea majina, akayashika kichwani. Walikuwa wa kabila lake na wa kabila jingine. Kwa miaka alijiuliza kama alikosa, maana kwa sababu ya kuzika alichelewa kukimbia, na kwa kuchelewa alimpoteza mume wake. Mpaka alipofika Kigoma, akajua kusoma, akakutana na Tobiti.

"Ndipo nikajua Mungu aliniona," akasema. "Yale majina kumi na manne niliyaandika pembeni mwa kitabu chake. Hayakuandikwa mahali pengine."

Mwalimu wa watoto alianza kulia waziwazi. "Mzee," akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, "vile haiko muzuri. Ule ni mama yetu."

"Mstari uliosoma siku ile," bibi akamwambia mzee, "unasema mtu asiongeze, na unasema asipunguze. Mimi niliongeza nini? Nilipewa hivyo na mapadri. Wewe umepunguza."

Mchungaji ndiye aliyesimama. Nilidhani atasema. Alisema, "Mama, mambo haya tutayazungumza. Kwaya, tafadhali."

Kwaya ikaimba, mama yangu akiwa ndani yake, kwa sababu miguu ilikuwa imekwishampeleka mahali pake na hakujua la kufanya na mwili wake. Bibi alinishika mkono tukatoka. Mwalimu alitukimbilia kwenye ngazi na makoti yetu.

Jioni mama aliporudi hakuvua viatu. "Mama, umeniaibisha mbele ya watu wote," akasema. "Wale ndio waliotupokea. Ndio walionitafutia kazi."

"Najua," bibi akasema. "Ndiyo maana nilisema nao. Wasio wangu ningewanyamazia."

Sikuwa mtu wa kumhukumu mama wakati ule, na sasa simhukumu. Alikuwa akiwaogesha wazee wa Kiswidi zamu mbili kwa siku, na Jumapili ile ya kwaya ndiyo pumzi yake. Lakini tangu hapo nyumba yetu iligawanyika kila Jumapili. Mama alienda ukumbini, mimi na bibi tulipanda treni kwenda misa ya Kiswidi, tukigongewa muhuri kwenye vipande vya tiketi vya karatasi. Bibi hakuelewa neno moja la mahubiri. Alijua wakati wa kupiga magoti na wakati wa kusimama, na akijibu alijibu kwa Kiswahili.

Na jioni ile ile ya ugomvi, kabla ya kulala, aliniambia nilete daftari la shule. Akanitajia majina niandike. Alifika tisa bila kusita. La kumi na la kumi na moja aliyatafuta mpaka chai ikapoa. Yaliyobaki matatu hakuyapata. Yalikuwa ya wale wa vitambulisho, watu aliowaona mara moja tu, wakiwa tayari wamekufa. Alijaribu siku nyingi. Akiwa anakoroga ugali alisimama ghafla, akasema herufi ya kwanza, akatikisa kichwa, akaendelea kukoroga. Alikufa nilipokuwa na miaka kumi na sita, na kwenye daftari mna majina kumi na moja. Katika mazishi yake, kutoka ukumbi ule wote, alikuja mama wa Kikongo peke yake.

Baada ya mazishi nilipanda treni mpaka Hagsätra, mwisho wa reli, kumtafuta mchungaji. Mgongo ulikuwa umemwachisha kuendesha basi, na kanisa lilikuwa limeshagawanyika kwa ugomvi wa uongozi. Alinikaribisha jikoni, akanipikia chai ya maziwa, akanipa pole ndefu ya heshima. Nilimwuliza bila kuzunguka: "Vile vitabu saba viliongezwa?"

"Hapana," akasema. "Jambo si jepesi hivyo."

Na hapo, ndugu yangu, akanifundisha katika saa moja yale ambayo hakutufundisha miaka yote ile. Kwamba Biblia haikushuka ikiwa imefungwa jalada. Kwamba Wakristo wa kwanza walioishi kwa Kigiriki walisoma Agano la Kale la Kigiriki, na humo Tobiti na wenzake walikuwamo. Kwamba walimu wa Kiyahudi walishikamana na orodha ya Kiebrania isiyokuwa navyo, na Wakristo wenyewe wakatofautiana: aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini alivitilia shaka, maaskofu wengine wakavitetea. Hata barua na injili za Agano Jipya zilipatikana kwa kusomwa na kupimwa. Makanisa yaliuliza kama kitabu kimetoka kwa mitume au watu wao, kama kinasomwa sehemu nyingi, kama kinakubaliana na imani waliyopokea. Waebrania ilishukiwa mahali fulani. Ufunuo wenyewe ulishukiwa, na onyo lake la mwisho lilisema habari ya gombo lile moja, kwa kuwa kitabu kimoja chenye sitini na sita ndani yake kilikuwa bado hakipo duniani.

"Sisi Waprotestanti tulirudi kwenye orodha ya Kiebrania," akasema. "Tuna hoja zetu, na mimi naziamini. Lakini wale wa kwanza hawakuvitupa. Waliviweka katikati ya maagano mawili, wakasema ni vizuri kuvisoma ingawa hatujengi juu yake mafundisho. Wachapishaji ndio walioviacha kabisa baadaye." Akasukuma kikombe pembeni. "Hata pale kanisani, juu, kwenye kabati la kioo, Waswidi wana Biblia yao kuukuu. Niliwahi kuombwa nisaidie kuihamisha. Nikaifungua. Tobiti yumo."

Juu ya vichwa vyetu! Wakati mzee anahesabu kwa kidole, wakati watu wanasema amina, Tobiti wa Waswidi alikuwa amelala kwenye kioo mita tano juu ya dari, na mchungaji alijua.

"Mbona hukusema?" nikamwuliza. Sauti yangu ilipanda, na sikuishusha.

"Kanisa lilikuwa changa. Watu wale walikuwa wamepoteza kila kitu, mwanangu. Niliona nikiwaambia kwamba hata orodha ya Biblia ilibishaniwa, watabaki na nini cha kushika?"

"Bibi yangu alikuwa na cha kushika. Mkamkatia."

Alikubali kwa kichwa. Hakujitetea tena, na ningependa angejitetea ili nipate wa kugombana naye. "Nilikosa," akasema. "Niko tayari kulisema. Ila sasa nitalisema mbele ya nani?"

"Ukumbi ulikuwa umejaa, mchungaji. Watu walisimama mpaka kwenye ngazi."

Sikumaliza chai.

Leo mimi mwenyewe nasali katika kanisa la vitabu sitini na sita, na sina ugomvi na hesabu hiyo. Wenye hekima wameibishania karne nyingi kwa haki, na wataendelea. Hasira yangu ni kwamba pale kwetu hakuna aliyebishana. Mmoja hakujua akashika wembe, mwingine akajua akaita kwaya.

Ukumbi ule siku hizi ni mahali watoto wanapojifunza kucheza dansi. Mzee wa kanisa alirudi Burundi, na nasikia amezikwa huko vizuri, na watu wengi. Waliosalia wamehamia Akalla ng'ambo ya mji, Uingereza, Kanada. Watoto wao wanaomba kwa Kiswidi, na wengi hawaombi. Hakuna tena mahali hata pamoja ambapo watu wale wote wanaweza kuketi waambiwe kwamba yule mama wa mstari wa tatu alisema kweli. Walitawanyika kabla ya kuambiwa, na kila mmoja aliondoka na alichokumbuka. Wengi waliondoka na kile kicheko.